Hoteli Mama Yapungukiwa na Kasoro

Mkaguzi alilivuta pazia la chumba namba tatu, likafunga. Akalifungua, akalivuta tena, likafunga vilevile, bila kuacha hata mwanya wa kupitisha kidole. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha mbaya ya kifua, kisha akakigusa kishikwambi chake mara mbili.

"Alama mbili zimetoka," alisema.

Bi Mashuka alikuwa amesimama mlangoni na rundo la taulo kifuani. Alidhani anataniwa. "Zimetoka kwa nini, mwanangu? Pazia si linafunga?"

"Ndiyo shida yenyewe, mama. Linafunga."

Wakatazamana. Bi Mashuka alikuwa msimamizi wa usafi wa vyumba kwa miaka thelathini na mmoja, na jina hilo alipewa kwa sababu alikuwa akilishika shuka tu gizani anakwambia limefuliwa mara ngapi. Alishaona wakaguzi wa kila aina: wa kupekua chini ya vitanda, wa kunusa mito, hata mmoja aliyepitisha leso nyeupe juu ya milango. Lakini wa kumlaumu mtu kwa pazia zima, huyo hakuwahi kumwona.

Mkaguzi akamsomea mwongozo, kifungu cha arobaini na saba: pazia la kila chumba katika kila hoteli ya Nyumba Pacha, popote duniani, liache upande wa kushoto uwazi wa kiganja kimoja, ili asubuhi ipate mahali pa kuingilia na kumsalimia mgeni.

Bi Mashuka aliuma mdomo wa chini. Kicheko kilimpanda hadi kooni, akakimeza kwa nguvu mpaka machozi yakamlengalenga.

Maana yeye aliujua uwazi ule ulikotoka. Mama yake mzazi ndiye aliyekuwa mwosha vyumba wa kwanza wa nyumba ile, na ndiye aliyesimama juu ya kiti akishika kitambaa siku kilipopungua.

Mambo yalikuwa hivi. Mwanzilishi, ambaye picha yake yenye fremu ya dhahabu inaning'inia mapokezi, wafanyakazi wake wa kwanza walimwita Mzee wa Haraka. Alinunua nyumba mbili zilizopakana, akabomoa ukuta wa katikati huko ghorofani ili apate korido moja ndefu, na hapo ndipo alipogundua kwamba sakafu ya nyumba moja iko juu kuliko ya mwenzake kwa shubiri nzima. Mtu mwingine angeita mafundi waisawazishe. Yeye alikwisha kutangaza siku ya kufungua. Akaamuru papigwe kidato kimoja hapo katikati, mambo yaishe. Makabati yalitengenezwa kwa mbao mbichi, yakawa yanalia kila yakifunguliwa. Kitambaa cha mapazia hakikutosha, ikabidi vyumba vyote vigawane kilichokuwepo, kila pazia likipungukiwa kiganja. Hoteli ikafunguliwa na vyumba vyake kumi na kimoja, na kwa kuwa ilikuwa safi na watu wake wacheshi, wageni wakamiminika.

Mzee wa Haraka akataka hoteli ya pili. Akamwita msanifu majengo, akamwambia, "Nataka kama hii hii." Msanifu alikuwa mtu mtiifu kupita kiasi. Alishinda siku sita na futi yake ya kupimia, hakuacha kitu. Siku ya uzinduzi, Mzee wa Haraka akiwa mbele ya wageni waalikwa, akitembea juu ya sakafu iliyonyooka kama meza, akajikwaa kwenye kidato kilichojengwa katikati ya korido bila sababu yoyote hapa duniani. Wote wakamkodolea macho. Angesema nini? Akajipangusa goti, akatabasamu, akasema, "Vizuri. Mmekumbuka."

Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kujenga bila kidato. Hoteli ya tatu ilikuwa ng'ambo, ya nne kando ya ziwa, ya kumi juu ya mlima wenye theluji. Zikafika ishirini, hamsini, nyingine ndefu mpaka mgeni akiwa juu anayaona mawingu yakipita chini ya dirisha lake. Sasa zilikuwa tisini na mbili katika nchi thelathini na moja, na zote zina kidato, zote zina mapazia yaliyopungua, zote zina makabati yanayolia. Makao makuu wakaanzisha Ofisi ya Urithi, wakaajiri wasomi wa kuyatafutia mambo hayo sababu. Kidato kikaitwa mahali ambapo mgeni huziacha haraka za dunia, mtu aliyekipiga akiwa ndiye mwenye haraka kuliko wote. Mlio wa kabati ukaitwa sauti ya nyumbani.

Na hoteli mama je? Hoteli mama ilikuwa na mama yake Bi Mashuka, kisha ikawa na Bi Mashuka mwenyewe, na wote wawili hawakuweza kuona kitu kibovu wakalala usingizi. Mapazia yalishonwa upya. Makabati yalitiwa mafuta kila mwezi. Kidato kiliwekewa ubao wa mteremko ili toroli la mashuka lipite. Kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, nyumba ilirekebishwa kasoro zote ambazo dunia nzima ilikuwa ikizinakili kwa gharama kubwa.

"Sabini na moja," alisema mkaguzi saa kumi jioni, akifunga kishikwambi chake pale mapokezi. "Mnahitaji themanini. Mnaruhusiwa kurekebisha. Kesho saa nane nitapita mara ya pili, na hiyo ndiyo ya mwisho."

Mkaguzi alipopanda chumbani kwake, meneja aliketi kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Huyu walimwita Samahani, kwa sababu alikuwa akianza nalo kila sentensi, hata akiagiza chai.

"Samahani, Bi Mashuka. Sikutaka kukuambia mapema. Hoteli isiyofika themanini mwaka huu inavuliwa jina na kufungwa. Barua ninayo mezani. Hapa wanataka kujenga maegesho ya magari."

"Maegesho?"

"Ya ghorofa nne. Samahani."

Bi Mashuka alitazama juu ya ngazi, akaliwazia zulia la korido alilolipiga brashi asubuhi ile na mlango wa chumba cha mashuka ambamo aliwahi kulazwa juu ya foronya akiwa mtoto mchanga wakati mama yake akitandika. Alikuwa na wahudumu kumi na wanne chini yake. Yeye mwenyewe hakujua njia nyingine ya kwenda kazini.

"Meneja," alisema, "niitie shemeji yangu."

Shemeji, mume wa mdogo wake, ndiye aliyekuwa fundi wa hoteli, na jina lake la kazini lilikuwa Msumari. Alikuja na kisanduku cha vifaa na mdomo wake uleule wa siku zote.

"Shemeji, umeniita. Nimeharibu nini tena?"

"Hujaharibu kitu. Ndilo kosa lako. Leo nataka uharibu."

Msumari akamtazama, akamtazama Samahani, akamrudia. "Huyu mtu amekula?"

"Amekula, samahani," alisema meneja.

Walipomweleza, Msumari alikasirika kikweli. Miaka kumi na tisa amehangaika na makabati yale mpaka yakanyamaza kama maji mtungini, leo aambiwe ayalize! Lakini Bi Mashuka alimtajia maegesho ya ghorofa nne, akauliza kama atakuwa fundi wa kutia mafuta milango ya magari ya watu, na Msumari akavua koti.

Asubuhi ya pili ilikuwa kama sinema iliyorudishwa nyuma. Wahudumu waliyashusha mapazia na kuyakata kiganja kimoja kila moja, mkasi wa Bi Mashuka ukitangulia. Kila ukikata, alisema kimoyomoyo, "Nisamehe, mama." Ubao wa mteremko uling'olewa, na mhudumu wa kwanza kusukuma toroli akakipiga kidato, mashuka thelathini yakatawanyika koridoni kama bata waliotishwa. Ghorofani Msumari alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la chumba namba tatu akitia mchanga kwenye bawaba.

"Soma tena," alisema.

Bi Mashuka alisoma mwongozo: "Mlio uwe laini, mfupi, wenye kupanda, usiozidi sekunde mbili."

Msumari akafungua kabati. Likatoa sauti ya paka aliyekanyagwa mkia.

"Hiyo siyo laini, shemeji."

"Shemeji, hili ni kabati au kinanda?"

"Punguza mchanga."

Akapunguza. Kabati likaguna kama mzee anayeinuka kwenye kiti.

"Hiyo inashuka. Wanataka ya kupanda."

"Nenda kamwambie mdogo wako leo sirudi kula. Mwambie nafundisha mlango kuimba."

Hata hivyo walifaulu. Kufika saa nane, makabati kumi na moja yalikuwa yakilia kwa sauti karibu moja, isipokuwa la chumba namba saba ambalo lilipiga mluzi, na hilo Bi Mashuka aliamua kumwachia Mungu.

Mkaguzi alipita chumba baada ya chumba. Alipima mapazia kwa kiganja chake. Alijikwaa kwenye kidato, akaweka alama ya tiki kwa furaha. Mbele ya kabati la namba saba alisimama kwa muda, akalifungua na kulifunga mara tatu, na Bi Mashuka alimwona akigeuza uso upande wa ukutani. Mabega yake yalitikisika kidogo. Kikohozi, alidhani.

"Sabini na nane," alisema mkaguzi walipofika mwisho wa korido.

Samahani akashika ukuta. Alama mbili tu! Na hapo hapo, kama vile siku haikuwa imewatosha, ikaanza kunyesha mvua.

Lazima niseme kwamba kulikuwa na jambo moja katika nyumba ile ambalo Msumari hakuwahi kulimaliza. Pale nyumba mbili zilipoungana, paa lilikuwa na mshono, na kwenye mshono ule maji yalipata njia kila mwaka, leo hapa, kesho pale. Mhudumu mmoja, kwa mazoea, alitoka chumba cha mashuka na ndoo, akaiweka katikati ya korido chini ya picha ya mwanzilishi akiwa kijana, akaenda zake. Tone la kwanza likaanguka. Ting.

Wote watatu wakaitazama ndoo. Ting.

"Na hii?" aliuliza mkaguzi.

Samahani alifungua kinywa, na Bi Mashuka alijua ni neno gani linatoka. Akamkanyaga mguu.

"Hiyo ni desturi," alisema.

"Desturi?"

"Ya zamani sana. Mvua ikinyesha, nayo ni mgeni. Hatuwezi kuiacha nje kabisa." Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka, akayashangaa, lakini ulimi ulikuwa umeshashika njia. "Tunaikaribisha kidogo. Ndoo moja."

Ting.

Mkaguzi alichuchumaa. Akaiangalia ndoo, ambayo ubavuni ilikuwa na maandishi makubwa ya rangi nyekundu: VYOO VYA CHINI. Akainua macho darini, akaliona doa la kahawia lenye umbo la figo.

"Mama," alisema mwishowe, bila kuinuka, "mimi nilianzia kwenye chumba cha kufulia cha hoteli ya arobaini. Miaka minne nilikamua mashuka. Paa linalovuja nalijua."

Rundo la taulo alilokuwa amelikumbatia Bi Mashuka lilimwelemea ghafla.

"Na kabati la namba saba," aliendelea mkaguzi, na sauti ikaanza kumcheza, "lile... lile mmelifanyaje?"

"Mchanga," alisema Bi Mashuka kwa unyonge.

Mkaguzi akaketi chini kabisa, suruali yake ya kazi juu ya zulia, akacheka. Alicheka mpaka akaomba taulo ya kufutia macho, na Bi Mashuka akampa. Akataka kujua yote. Basi Bi Mashuka akamsimulia, pale pale kando ya ndoo: kitambaa kilichopungua, mbao mbichi, mama yake juu ya kiti, msanifu na futi yake, Mzee wa Haraka akijipangusa goti. Mkaguzi alikuwa amekikariri kifungu cha arobaini na saba kwa miaka sita na kuwafundisha watu wa nchi kumi na mbili. Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa jina la utani la baba yake utotoni.

"Sasa nisikilize," alisema alipopata pumzi. "Siwezi kuongeza alama kwa huruma. Lakini kuna kifungu cha mwisho, Urithi Usioandikwa Bado. Alama tano. Hakuna hoteli iliyowahi kuzipata, kwa sababu hakuna anayethubutu kufanya kitu kisichokuwa kwenye mwongozo. Jaza fomu. Eleza desturi kwa maneno yasiyozidi hamsini. Mimi naituma, Ofisi ya Urithi inajibu leo leo. Wakikataa, mama, sina la kufanya."

Fomu ikaletwa chumba cha mashuka. Bi Mashuka akaketi na kalamu, Samahani akasimama nyuma yake, Msumari akaegemea kwenye rafu.

"Andika mfalme," alisema Msumari. "Andika kuna mfalme alilala hapa, mvua ikanyesha, akaota ndoto, akaamka akapona mguu."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto. Watu wa ofisi wanapenda upande wa kushoto, si umeona mapazia?"

"Samahani, mfalme hana jina. Wataomba jina."

"Basi malkia. Malkia hawaulizwi."

"Shemeji, nyamaza nifikiri. Mdomo wako ungekuwa bomba ungekuwa umeshafurika nyumba."

Akaandika: *Mwanzilishi wetu alitaka mvua nayo ijisikie nyumbani.* Akaisoma. Ilikuwa nzuri, ilifanana kabisa na mwongozo. Na ndiyo sababu haikumpendeza. Miaka yote alikuwa akimcheka aliyeandika kwamba pazia liliachwa wazi kwa ajili ya asubuhi, wakati aliyelishika juu ya kiti, mikono ikimwuma, hakutajwa popote. Leo yeye mwenyewe anataka kuwafanyia vivyo hivyo wasichana wake wanaoamka kwenda kumwaga ndoo. Kama nyumba ni ya kufungwa, ifungwe ikiwa na ndoo, si na mfalme.

Akaikata sentensi. Akaandika taratibu, kwa mwandiko wa kike wa shuleni: *Paa letu linavuja. Tunaweka ndoo ili mgeni asilowe. Mhudumu huja kuimwaga kila baada ya saa moja, hata kama haijajaa.*

"Umetuua," alisema Msumari.

"Samahani," alisema meneja, na kwa mara ya kwanza neno lile lilikuwa mahali pake.

Mkaguzi aliisoma, akairudia neno kwa neno. Akaituma.

Wakangoja. Mvua ilikatika. Msumari, ambaye hakuweza kukaa kwenye chumba chenye majonzi, alibeba ngazi na debe la lami akatoka nje, akisema kama ni kuvunjiwa nyumba, basi wavunje nyumba isiyovuja. Samahani alianza kukunja taulo, vibaya sana, na Bi Mashuka akazikunja upya nyuma yake bila kusema neno. Saa ya ukutani ilipiga kumi, ikapiga na nusu. Ndipo kishikwambi kikalia.

Mkaguzi alisoma kwa sauti, akijitahidi kuweka uso wa kazi. "Ofisi ya Urithi imeguswa sana na usahili wa maelezo haya. Katika miaka yote hatujapata desturi inayoeleza maana ya ukarimu kwa ufupi namna hii. Alama tano zimetolewa." Akainua macho. "Themanini na tatu."

Samahani alimkumbatia Bi Mashuka, akamkumbatia mkaguzi, akalikumbatia rundo la taulo. Bi Mashuka aliketi juu ya kapu la mashuka machafu, akaficha uso kwenye foronya, na hakuna aliyemsumbua.

"Kuna nyongeza," alisema mkaguzi baada ya kidogo, na sasa mdomo ulikuwa ukimcheza waziwazi. "Wanasema kifungu kipya kitaingia kwenye mwongozo wa hoteli zote tisini na mbili. Wataalamu watafika hapa wiki ijayo kupima. Wanataka kujua ndoo ni ya lita ngapi, na matone ni mangapi kwa dakika."

Bi Mashuka akashusha foronya. "Matone?"

Kutoka juu ya paa ikasikika nyundo, kisha sauti ya Msumari akiimba, sauti ya fundi anayemaliza kazi iliyomshinda miaka kumi na tisa.

Mama wa watu aliruka kutoka kwenye kapu kama msichana. Alipita koridoni mbio, akakiruka kidato, akashuka ngazi mbili mbili, akatokeza uani na mikono juu.

"Shemeji! Shuka! Usizibe!"

Uso wa Msumari ukachungulia kwenye ukingo wa paa, umepakaa lami hadi masikioni, unang'aa kwa furaha. "Nimeshaziba, shemeji! Halipiti hata jasho la sisimizi!"

"Zibua!"

"Nini?"

"Tumepita! Zibua upesi, wanakuja kuhesabu!"

Msumari alimtazama, akalitazama debe lake tupu, akaitazama mbingu iliyoanza kutakata. Kisha akatoa patasi mfukoni.

"Sawa," alisema. "Kwa dakika nikutilie mangapi?"